Kamera ya shuka jeusi na mteja wa Ijumaa

Juzi usiku kijana mmoja ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nina milioni mbili, ninunue kamera ya inchi 4 kwa 5 nianze kupiga matangazo kwa filamu? Nimeona wewe unayo."

Ninayo kweli. Ningeweza kumjibu hapana nikalala, ila amenigusa kwenye kidonda.

Inchi 4 kwa 5 ni ukubwa wa filamu yake, kipande kimoja kwa kila picha. Yangu ni Intrepid ya plaiwudi, inatengenezwa Brighton, Uingereza, niliinunua kwa mtu ikiwa imeshatumika. Ukijifunika shuka jeusi unaiona dunia kwenye kioo, kichwa chini miguu juu, na jasho la Dar linakutiririka mpaka puani. Niliipenda siku hiyo hiyo. Nikajiona nimeshawaacha mbali wote wenye Sony na Canon zao.

Kazi yangu ya kwanza nayo ilikuwa hoteli moja ndogo Mji Mkongwe, na sijutii kuichagua kwa kazi ile. Vichochoro vya kule ni vyembamba, huna pa kurudi nyuma. Ukiinua kamera ya kawaida kuelekea juu, kuta zinalaliana kama zimechoka. Hii unapandisha lenzi tu, kamera yenyewe inabaki wima, na mlango wa nakshi, baraza na roshani vyote vinaingia vikiwa vimesimama. Nilipiga vipande 12 kwa siku mbili. Mama mwenye hoteli akauliza, "Ijumaa zitakuwa tayari, baba?" Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi, mama."

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Filamu ilikuwa ya rangi na sikuwa na pa kuisafisha kwa uhakika. Nilimpa mtu aliyekuwa anasafiri kwenda Ulaya, zikarudi baada ya wiki tano. Vipande vinne vilikuwa vyeusi tii, vimeungua, kwa sababu nilichomoa kifuniko cha holda, kile kibebeo cha filamu, huku lenzi ikiwa bado wazi. Nane zilizobaki, nasema bila aibu, sijapiga nyingine kama hizo. Nakshi za ule mlango unaweza kuzihesabu ua kwa ua.

Lakini hoteli ilikuwa imeshamwita kijana mwingine. Alikuja asubuhi na digitali yake, jioni akaondoka na boti. Mama akanilipa nusu. "Za yule zinatosha, baba," akasema. Zinatosha! Mpaka leo nikipita kwenye ukurasa wao nachungulia, na kuta za yule kijana bado zimelala.

Nikituliza hasira, namwelewa mama wa watu. Zamani, huko Ulaya na Marekani, matangazo mengi ya bidhaa yalipigwa kwa slaidi, filamu angavu ya rangi, za ukubwa huu kwa sababu wachapaji walitaka picha kubwa ya kuanzia. Lakini hata wakati huo mteja hakuachwa gizani. Mpiga picha alipiga Polaroid kwanza, picha ya papo hapo, wakaitazama pamoja, wakakubaliana, ndipo filamu yenyewe ikaingia kwenye kamera. Mwaka 2008 Polaroid ikatangaza kuacha kutengeneza filamu zake za papo hapo. Mwaka 2018 Phase One wakatoa mgongo wa digitali wa megapikseli 150, unaofungwa nyuma ya kamera, na picha mteja anaiona pale pale kwenye kompyuta. Mimi nilimwendea mama na shuka jeusi na neno "usiwe na wasiwasi".

Kwa hiyo, mdogo wangu, mteja wa Ijumaa usimpelekee filamu. Kwangu kila kipande cha rangi, ukiweka kununua, kusafirisha na kusafisha, kinakula zaidi ya shilingi elfu 30, kiwe kimeungua au hakikuungua. Ukishindwa kujizuia, piga kila pembe kwa digitali kwanza, mteja aondoke na kitu. Na mtajie tarehe. Narudia, mtajie tarehe kabla hujafungua tripodi, nyie vijana mnapenda kusifiwa kuliko kulipwa. Najua, nilikuwa hivyo.

Ila kamera sijaiuza. Mwaka jana familia moja ya Tanga iliniita kumpiga babu yao aliyetimiza miaka 80. Wajukuu walikuwa wameshampiga kwa simu mara mia, hatulii. Aliponiona naingia chini ya shuka akajiweka sawa mwenyewe, akavuta kanzu, mikono juu ya fimbo. "Ndivyo tulivyokuwa tukipigwa," akawaambia. "Nyamazeni mpaka fundi atoke." Nilipiga vipande vitatu tu, nyeusi na nyeupe, nikasafisha mwenyewe nyumbani. Dawa inataka nyuzi 20 na maji ya bomba Dar hayajui nyuzi 20 ni nini, kwa hiyo nilinunua barafu kwa wauza samaki, beseni zima likanuka vibua. Picha ilikaa mwezi mmoja na nusu mikononi mwangu, na hakuna aliyenipigia simu kuiulizia. Walinilipa zaidi ya ile bei nzima niliyopatana na hoteli.

Mwezi ujao nina bibi mmoja Korogwe. Barafu nimeshaagiza.