Maswali ya Wasomaji: Ruzuku ya Mikoko, Mkataba wa Kaboni na Shamba la Pwani

*Barua nyingi mwezi huu zimetoka pwani, na karibu zote zinauliza jambo moja: pesa za kurudisha mikoko na kulinda ardhi ya pwani zinapatikanaje, na zikipatikana zinapotelea wapi. Tumefupisha maswali.*

Sisi ni kikundi cha akina mama 22, Kwale. Karibu na kijiji kuna msitu wa mikoko uliokatwa boriti na kuni, kama hekta mbili. Tumesikia kuna ruzuku. Tuanzie wapi?

Akina mama, anzeni na swali la nani mwenye eneo, kabla ya kuandika neno moja kwenye fomu. Nchini Kenya mikoko yote ni msitu wa serikali tangu tangazo la mwaka 1932, na msimamizi wake ni KFS, Shirika la Huduma za Misitu Kenya. Hata kama babu zenu walikata boriti hapo miaka yote, kikundi hakina haki ya kupanda wala kufungua mfereji bila makubaliano. Njia iliyowekwa na Sheria ya Misitu ya 2016 ni chama cha misitu cha jamii: kinasajiliwa, kinaandaa mpango wa usimamizi pamoja na KFS, kisha kinatia saini mkataba wa usimamizi. Kama eneo lenu tayari lina chama hicho, msianzishe kingine. Jiungeni kama kikundi cha watumiaji, muombe barua ya kuwaruhusu kufanya kazi kwenye hekta zenu mbili, yenye ramani. Barua hiyo ndiyo kiambatisho ambacho maombi mengi hukikosa, na mfadhili akiona haipo anaweka faili pembeni.

Kwa kikundi cha ukubwa wenu, mlango ulio karibu ni Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, unaoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Upo tangu 1992 na unatoa pesa moja kwa moja kwa vikundi vya jamii. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi, na vikundi vingi hupata chini ya hapo. Upo pia msaada mdogo wa kuandaa andiko la mradi, ambao vikundi vingi havijui kuuomba. Mpango huu unataka nanyi mchangie, na kazi ya mikono inahesabika. Lakini inahesabika ikiwa imeandikwa: tarehe, jina, saa, kazi iliyofanywa, sahihi au dole gumba. Fungueni daftari hilo leo, hata kabla ya ruzuku.

Mlango wa pili ni kamati ya mabadiliko ya tabianchi ya wadi. Hudhurieni mkutano wake wakati mipango inaandikwa. Mkifika pesa zikishagawanywa, mtaambiwa msubiri mwaka ujao.

Tulipanda miche 10,000 mbele ya kijiji, viongozi wakaja, picha zikapigwa. Baada ya mwaka imebaki michache sana. Kosa letu ni nini? — Msomaji, Kilifi

Bila kuona mahali, tunaweka dau kwamba mmepanda chini mno. Ndilo kosa linaloua miche mingi kuliko kwato za mbuzi na kaa wakijumlishwa. Tope tupu lililo mbele ya msitu, upande wa bahari, linaonekana kama nafasi inayongoja miti, na kwa kuwa halina mgogoro na mtu, ndilo linalochaguliwa. Lakini kama mikoko haikuwahi kuota pale, kuna sababu: maji yanakaa muda mrefu kuliko mche unavyoweza kuvumilia. Mche unazama, unashikwa na mwani na wale wadudu wa gamba wanaoganda kwenye matumbo ya mashua, unainamishwa na uzito, basi. Pengine mmefukia pia nyasi za bahari ambazo samaki wenu walikuwa wakilishia.

Dawa yake ni kupima kimo cha ardhi, na haihitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Chukueni mpira wa maji wa fundi mwashi, ule unaoonyesha maji ndani, mita 15 au 20, na fimbo mbili zenye alama za sentimita. Simamisheni fimbo ya kwanza kwenye shina la mkoko hai ulioota wenyewe, ya pili pale mnapotaka kupanda. Jazeni maji, toeni mapovu yote (povu moja linaharibu kipimo), yakitulia someni pande zote mbili. Usomaji wa fimbo ya pili ukizidi wa kwanza kwa sentimita 30, ardhi hiyo iko chini kwa sentimita 30, na hapo msipande aina ya mti mliopimia. Pimeni sehemu kumi, si moja.

Kila aina ya mikoko ina kimo chake, na mojawapo huitwa mkoko tu. Mlilana uko mbele kabisa, mkoko na muia unafuata, mkandaa uko juu zaidi, na mchu unapatikana nyuma kwenye chumvi kali na pengine mbele pia. Watu hupanda mkoko kila mahali kwa kuwa mbegu yake ndefu ni rahisi kuokota na kuchomeka. Mfadhili naye anahesabu miche, hahesabu miti. Kwa hiyo kila upande unaridhika siku ya picha.

Kuna hali nyingine ambapo miche haihitajiki kabisa. Kama msitu ulikufa kwa sababu barabara ilipita bila kalvati, au tuta la chumvi limezuia maji, ombeni pesa za kufungua maji. Mbegu zitaletwa na bahari ikiwa kuna miti hai jirani. Kazi ya kuchimba mfereji inataka kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na cha KFS. Wekeni miezi ya kungoja vibali ndani ya ratiba. Na kuna maeneo ambayo tatizo linatoka bara: mikoko ya hori la Mwache, Mombasa, ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997/98 kumwaga mchanga na udongo juu ya mizizi yake ya kupumulia. Kupanda tena bila kushughulikia mmomonyoko wa juu ni kungoja mvua kubwa nyingine.

Bajeti ya hekta mbili inaandikwaje? Tunaogopa kuandika pesa nyingi tukaonekana walafi.

Walafi si wanaoandika nyingi, ni wanaoandika bila hesabu. Fanyeni hivi.

Nafasi ya mita 1.5 kwa 1.5 inatoa miche kama 4,444 kwa hekta, kwa hekta mbili 8,889. (Kwa mita moja moja ingekuwa 20,000, na kwa mita mbili mbili 5,000.) Ongezeni asilimia 30 ya kujazia: mnahitaji mbegu kama 11,600. Kwa mkoko, okoteni mbegu zilizokomaa, zenye pete ya manjano chini ya tunda, zisizotobolewa na wadudu. Wekeni kivulini kwenye gunia lenye unyevu wiki moja au mbili. Zikisinyaa kidogo kaa hawazitamani sana. Chomekeni upande uliochongoka, theluthi ya urefu, bila kukandamiza kwa mguu.

Sasa nguvu kazi. Jaribuni kwanza: watu watano, saa moja, mhesabu. Tuseme wamepanda 300. Ni 60 kwa mtu kwa saa. Maji ya bamvu (yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) yakitoka, kwenye pwani yetu ya Mombasa na Kwale, hufika chini kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, hivyo mna saa tatu hivi za kazi nzuri. Mtu mmoja anapanda 180 kwa siku, na miche 8,889 inataka siku-kazi 50. Watu 15 wanamaliza kwa siku nne, bamvu moja. Andikeni hesabu hii yenyewe kwenye andiko, na kiwango cha malipo cha kijijini kwenu. Aliyesoma maombi mia anajua mara moja nani amekwenda kwenye tope na nani amekaa mezani.

Halafu mstari unaosahaulika: utunzaji. Miradi ya ruzuku ndogo mara nyingi ni ya mwaka mmoja hadi miwili, mche unataka jicho zaidi ya hapo. Tengeni doria, kuondoa mwani na takataka, na kuhesabu miche mwezi wa 3, wa 6, wa 12 na wa 24. Chagueni viwanja vitano vya mita 10 kwa 10, mvifunge kamba. Kila kimoja kilianza na miche 44. Kikibaki na chini ya 22, msijazie pengo. Tafuteni kwanza sababu, la sivyo mnapanda chakula cha mwani kwa mara ya pili. Kwa maoni yetu, kupanda kwenyewe kusizidi robo ya bajeti nzima.

Amekuja mtu na mkataba wa kaboni wa miaka 30. Anasema mikoko yetu hekta 40 ni dhahabu. Tusaini?

Msisaini leo. Piga hesabu kwa mfano unaojulikana. Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, Kwale, unalinda hekta 117 na unauza kama tani 3,000 za kaboni (hewa ya ukaa ambayo msitu unaizuia isiende angani) kwa mwaka chini ya kigezo cha Plan Vivo, mpango wa kimataifa wa kuthibitisha miradi kama hii, tangu 2013. Ni wastani wa tani 25 hivi kwa hekta. Kwa uwiano huo hekta zenu 40 ni kama tani 1,000. Kwa bei ya kupigia hesabu tu ya dola 10 kwa tani, hiyo ni dola 10,000 kwa mwaka kabla ya gharama za upimaji, ukaguzi na muuzaji. Gharama za ukaguzi hazipungui kwa sababu msitu ni mdogo. Ndiyo maana Vanga, Jimbo na Kiwegu waliungana kwenye mradi mmoja wa zaidi ya hekta 400. Watafuteni majirani kabla ya kumtafuta dalali.

Gazi pesa zimenunua maji ya bomba na vitabu vya shule, na kijiji ndicho kinachochagua zitumike wapi. Mwulizeni mgeni wenu: nani anachagua? Nani mwenye hati za kaboni mkikosana? Je, mnaruhusiwa kukata boriti za kujengea nyumba zenu, na ngapi? Msitu ukifa kwa dhoruba, deni ni la nani? Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya Kenya, iliyorekebishwa 2023, inataka miradi ya kaboni ya ardhini iwe na makubaliano ya maendeleo ya jamii, na angalau asilimia 40 ya mapato, baada ya gharama, iende kwa jamii. Neno "baada ya gharama" ndilo la kukodolea macho: dai orodha ya gharama yenye kikomo ndani ya mkataba. Kwa wasomaji wa Tanzania, kanuni za biashara ya kaboni ni za 2022 na mradi hupitia Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kilichopo SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Mtu asiyelijua jina la kituo hicho hajaja kufanya biashara.

Kijiji chetu Kilwa kina msitu wa pwani juu ya mikoko. Tunaweza kuuhifadhi wenyewe na kupata pesa?

Mnaweza, ila tenganisheni vitu viwili. Mikoko ya Tanzania bara ni hifadhi ya serikali chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hapo mnachoweza ni usimamizi wa pamoja kwa makubaliano. Msitu wa juu, kama uko ndani ya ardhi ya kijiji, unaweza kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji kwa Sheria ya Misitu ya 2002. Utaratibu: mpango wa matumizi bora ya ardhi, mipaka ikubaliwe na vijiji jirani kwa maandishi, kamati ya maliasili, mpango wa usimamizi na sheria ndogo, vyote vipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri ya wilaya. Mihtasari ya mikutano iwe na mahudhurio yaliyosainiwa. Mkishakuwa nayo, Mfuko wa Misitu Tanzania hutangaza ruzuku, na faini na ushuru wa msitu huo hubaki kijijini. Gharama kubwa ni ya kupima ardhi, hivyo ombeni hiyo kwanza. Na kumbukeni mita 60 kutoka baharini: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza humo shughuli za kudumu, kwa hiyo mtu akija na ramani ya hoteli, mna pa kushikia.

Shamba la familia Kilifi, ekari 6, lina vichaka vya asili. Ndugu wengine wanataka kuuza. Kuna njia ya kulilinda bila kulitoa?

Ipo. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamruhusu mwenye ardhi kuweka kizuizi cha uhifadhi, yaani sharti la jinsi ardhi itakavyotumika, kinachosajiliwa kwenye hati, hata akiuza mnunuzi anafungwa nacho. Lakini lazima hati iwe na wenyewe waliokubaliana. Kama marehemu baba bado ndiye mwenye jina, malizeni mirathi kwanza. Pesa za moja kwa moja kwa ekari sita ni haba, msijidanganye.

Mweka hazina anauliza: mwenye mtumbwi hatoi risiti. Mfadhili atakataa?

Mlipe kwa simu, namba ya kikundi kwenda kwa namba yake, na muandike hati ya malipo yenye jina, kazi, tarehe, kiasi na sahihi. Chapisheni taarifa ya simu kila mwisho wa mwezi mkaibane na hati hizo. Awamu ya pili ya ruzuku huja baada ya ripoti ya kwanza kukubaliwa, na hapo vikundi hukwama katikati ya msimu wa kupanda. Kwa hiyo pelekeni ripoti kabla pesa hazijaisha, na matumizi ya vitalu na vifaa yafanyike katika awamu ya kwanza.