Re: Kichwa kimejaa usiku, naanzaje kuandika?

Dadangu, umeuliza uandike nini na kwa muda gani maana usingizi haukujii. Mimi niko Lamu, nilianza na daftari la shule na biro tu, simu naiacha chumba chengine kabisa. Nikishaswali isha nakaa dakani, kibaraza cha mlangoni, dakika 15, naandika chochote kinachonikera, makosa siyaangalii, iwe deni la dukani au maneno ya jirani natia vile vile. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, katika utafiti uliochapishwa 1986 aliwaandikisha wanafunzi wa chuo dakika hizo hizo, siku 4 mfululizo, na walioandika tukio lililowaumiza pamoja na walivyohisi wakawa wanaenda kliniki mara chache zaidi miezi iliyofuata. Siku ya kwanza mimi nililia, usiache. Na daftari lifiche wallahi, ukijua kuna wa kulisoma hutaandika ukweli.