Maswali Yenu: Mlima Kenya kwa Ramani ya Kontua

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba nilishuka Mlima Kenya kwa njia ya Chogoria nikiwa na ramani ya karatasi mfukoni, basi maswali yakaanza kumiminika na mengine ni ya kunicheka. Nimechagua saba. Waliouliza bei za geti nawaomba wapige simu KWS, wale wa wanyamapori wanaosimamia mbuga, moja kwa moja, hizo bei zinabadilika na sitaki kulaumiwa.

Hujambo ndugu mwandishi. Sisi ni marafiki wanne, tunataka kupanda na njia ya Sirimon mwezi wa kwanza halafu tushukie Chogoria. Tununue ramani gani na inapatikana wapi? Na kwani ni lazima, si tutakuwa na muongozaji? (Msomaji, Ruaka)

Sijambo. Muongozaji lazima mkuwe naye na KWS hawapendi mtu wa kuingia peke yake, hapo sina ubishi. Lakini muongozaji anawaonyesha njia, ramani inawaambia kama nyinyi wenyewe mnaiweza hiyo njia kwa siku mlizopanga, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mnayotaka ni ile ya Survey of Kenya ya skeli ya 1:50,000, ofisi zao ziko Ruaraka, Thika Road. Ukifika pale usiseme tu "nataka Mlima Kenya", juu shiti moja, yaani karatasi moja ya ramani, inabeba mraba wa kama kilomita 27 kila upande na mlima mzima hauingii hapo, kwa hivyo mwambie huyo wa kaunta unaingilia geti gani na unatokea geti gani akupe shiti zote zinazohusika. Kuna pia ramani za wapanda milima zinazochora mlima peke yake, hizo nazo ni sawa bora ziwe na kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko mmoja. Zile zenye picha ya tembo na mstari mwekundu wa kupinda pinda ni za kubandika ukutani.

Sasa ukiipata, kabla ya kununua hata soksi, kaeni chini na penseli. Kwenye 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita moja, na viboksi vya gridi ni kilomita moja moja, kwa hivyo umbali ni wa kuhesabu tu. Angalia pembeni ya ramani imeandikwa nafasi ya kontua moja hadi nyingine ni ngapi, na uangalie kama ni futi ama mita maana shiti za zamani ziko kwa futi, kuna watu wameshangaa wakidhani wako mita elfu kumi na kitu!

Halafu andikeni pale mtalala. Old Moses ni kama mita 3,300. Shipton's ni kama 4,200. Hapo tayari mnaona shida, usiku mmoja mmepandisha kitanda mita 900, na wanaojua mambo ya mwinuko wanasema ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya 500 hivi kwa siku. Kwa hivyo ongezeni usiku mmoja Old Moses mtembee juu mrudi, ama mpangie usiku wa ziada Shipton's. Hiyo haiandikwi kwa tangazo la safari ya siku tatu lakini kwa kontua iko wazi, unaisoma ukiwa Ruaka kitandani.

Muda pia unahesabika. Kuna Mskoti anaitwa Naismith, 1892 alitoa kanuni ya saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Old Moses hadi Shipton's ni kama kilomita 14, ukipiga hesabu unapata saa nne na kitu. Msiiamini. Hiyo ni ya milima mifupi ya kwao, juu kule hewa ni nyepesi na njia inashuka kwa mito ikipanda tena, wekeni saa sita ama saba.

Upande wa Chogoria ndio utamu wa ramani wenyewe. Mkitoka kilele cha Lenana, mita 4,985, mnashuka hadi kambi ya Mintos, na hapo karibu kuna Gorges Valley na Ziwa Michaelson liko chini kabisa. Angalieni pale panaitwa The Temple, kontua zimeshikana mpaka zinakuwa kama doa moja la kahawia. Ukiona mistari imeshikana hivyo hapo hakuna njia, ni ukuta, na kukiwa na ukungu mnakaa mbali na ukingo hata kama mtu anataka picha. Nikisema mtu namaanisha kila kundi la watu wanne liko na huyo mmoja, nyinyi mnamjua.

Mbona mnatutisha na maramani, si nina simu na apu inaonyesha njia na kadoti ka bluu? (Msomaji, Thika)

Hako kadoti hata mimi nakapenda. Pakua ramani ya Mlima Kenya ukiwa bado na bando, maana juu mtandao unakuja ukienda, na simu iweke ndani ya koti karibu na mwili kwa sababu baridi inaua betri, unaona asilimia 40 halafu ghafla imezima.

Mimi ilinizimikia mwaka fulani tukitoka Old Moses, ukungu umeshuka huoni mtu wa tatu kwa mstari, na kundi letu la mbele lilikuwa limeanza kupanda bonde wakisema tumefika Mackinder Valley, twendeni moja kwa moja hadi Shipton's. Bonde lilikuwa zuri, lobelia zimejaa, kila kitu kinafanana. Nikatoa karatasi. Kwa ramani, kabla ya kuingia Mackinder Valley unavuka mto Ontulili halafu Liki North. Tukaulizana tumevuka mito mingapi, mmoja akasema miwili mwingine akasema hiyo ya kwanza ilikuwa kamfereji tu, tukabishana pale kama dakika kumi tukitetemeka, mwisho tukakubali mto wa maana ni mmoja. Kwa hivyo lile lilikuwa bonde la Liki North na Mackinder iko ng'ambo ya mgongo unaofuata. Kadoti kangetuambia kwa sekunde, sawa, lakini kadoti kalikuwa kamekufa.

Jambo lingine, kontua za apu nyingi zinatokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga za juu mwezi wa pili 2000. Ni kazi nzuri sana ila inalainisha majabali, ukuta wa mita 40 unaweza kuonekana kama mteremko wa kawaida tu. Karibu na vile vilele viwili vya juu kabisa, Batian na Nelion, usizitegemee.

Watu walipanda zamani bila ramani na walifika, ama vipi? (Msomaji, Nakuru)

Walifika wengine. Januari 1943 wafungwa watatu Waitaliano walitoroka kambi ya Waingereza pale Nanyuki ili tu wapande huu mlima, na "ramani" yao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Kweli kabisa. Walijaribu Batian wakashindwa, halafu wawili wakafika Lenana wakaweka bendera, wakashuka na njaa ya kufa na kurudi wenyewe kambini wafungiwe tena. Ukiniuliza mimi hiyo ni hoja ya kununua ramani.

Nina GPS ya mkononi, nikichukua namba zake nikiziweka kwa ramani ya Survey naangukia mahali sipo, kama mita mia tatu hivi. Na nikiwa Nanyuki namba zinaruka vibaya. Imeharibika? (Msomaji, Nanyuki)

Haijaharibika, iko sawa kuliko sisi wawili. Ramani zetu za 1:50,000 zilichorwa kwa datamu inaitwa Arc 1960, yaani ule msingi wa kupimia dunia uliotumika huku kwetu, na GPS yako imetoka dukani ikiwa kwa datamu nyingine, WGS84. Sehemu ileile ya ardhi inapata namba tofauti na tofauti yenyewe ni hiyohiyo kama mita 300, nyingi yake kaskazini kusini. Ingia settings utafute Arc 1960, uchague, basi. Mita 300 ukiwa barabarani si kitu, ukiwa juu ya mgongo mwembamba na mabonde pande zote mbili, ni bonde lingine.

Kuruka kwa namba hapo Nanyuki ndio kunanifurahisha, kwa sababu wewe unaishi kwa ikweta! Gridi ya UTM, ile inayogawa dunia kwa zoni na kuhesabu kwa mita, huku ni zoni ya 37, na kusini mwa ikweta wanaanza kuhesabu kutoka 10,000,000 wakirudi nyuma ili kusiwe na namba hasi, ndio maana vilele vya mlima, ambavyo viko kama kilomita 17 kusini ya ikweta, vinasoma 9,983,000 na kitu. Ukivuka ikweta kwenda kaskazini hesabu inaanza upya kutoka sifuri. Kwa hivyo ukitembea mita chache hapo kwa kibao cha kupigia picha unaweza kutoka milioni kumi hadi sifuri bila kutokwa na jasho.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, napeleka wanafunzi geti la Chogoria muhula ujao, hawaelewi kontua hata nikichora vipi ubaoni. (Mwalimu, Meru)

Mwalimu, pole na kazi. Achana na ubao. Chukua kiazi kikubwa ukate katikati, uso wa kukatwa ulale chini ndani ya beseni, halafu mimina maji ya sentimita moja, mwanafunzi achore kwa kalamu pale maji yamefika kuzunguka kiazi, ongeza sentimita nyingine, achore tena, mpaka kileleni. Waangalie kutoka juu. Hiyo ni ramani. Upande wa kiazi ulio wima mistari imebanana, upande uliolala imeachana, huhitaji kueleza tena. Ukitaka waelewe bonde, chonga kimfereji kwa kisu kabla ya kuweka maji, wataona mstari unajikunja kama V na ncha ya hiyo V inaangalia juu ya mlima.

Wakishajua V wafuatishe mito kwa shiti yenu, Nithi na wenzake. Waonyeshe pia kwamba njia nyingi za mlima zinafuata mgongo na sio mto. Kuna huu uongo kwamba ukipotea fuata maji yatakufikisha kwa watu. Kwa upande wenu maji yanakupeleka kwa korongo, maporomoko, halafu mianzi ambayo hata nyati anafikiria mara mbili. Na waambie ramani pia inazeeka: barafu ya Lewis kwa shiti za zamani ni pana, ukienda leo ni kibaki tu, na kibanda cha Two Tarn kimechorwa pale na hakipo tena. Hilo ni somo la tabianchi bila kitabu.

Shikamoo mzee wa ramani. Huku Kilimanjaro hatupandi bila muongozaji, njia imenyooka, wagumu, yaani wapagazi, wanabeba kila kitu. Ramani ya kazi gani? (Msomaji, Moshi)

Marahaba. Kwenu kazi yake ni kabla ya kulipa. Mteja akiuliza kwa nini Machame watu wengi wanaisifu kuliko Marangu, mfungulie ramani: siku ile wanapita Lava Tower mita 4,600 halafu wanashuka kulala Barranco kwenye 3,900 na kitu, mwili unaonja juu na kulala chini. Marangu inapanda tu, Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, angalia hizo namba, elfu moja kila kituo kama ngazi ya ghorofa. Ndio maana usiku wa ziada Horombo si anasa. Na kutoka Kibo hadi Uhuru, 5,895, mita 1,175 zimebanwa kwa usiku mmoja, mteja aione kwa mistari mapema asije akakulilia saa tisa za usiku pale Gilman's, ukingoni mwa kreta.

Nakuja nyumbani mwezi wa saba, nina dira nzuri nilinunua huku Ujerumani, ila rafiki yangu anasema huko Kenya itakwama. Ananitania? (Msomaji, Stuttgart)

Hakutanii. Nguvu ya sumaku ya dunia haivuti kwa ulalo tu, huko Ulaya inavuta ncha ya kaskazini ya sindano kwenda chini, kwa hivyo watengenezaji wanaweka uzito kidogo upande wa kusini isawazike. Huku kwetu mvuto umegeuka, unavuta ncha ya kusini chini, jumlisha na ule uzito wao, sindano inainama inakwaruza kioo na inakuonyesha kaskazini ya uongo. Dira zingine zimetengenezwa kwa dunia nzima, angalia yako imeandikwa nini. Lile jambo lingine wanalosumbuka nalo huko, la kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani kutofautiana, hapa halifiki hata digrii 2, usijisumbue. Ukifika Nanyuki ishike ikiwa imelala kabisa mkononi, ujizungushe taratibu, na kama sindano inazunguka na wewe badala ya kubaki pale, iache kwa begi uazime ya mwenzako.