Jibu: Kumwelekea Kristo baada ya kupoteza kazi

Dada mpendwa, Bwana Yesu asifiwe. Umeuliza utawezaje kuomba ilhali, tangu upoteze kazi na kuhamia mji mgeni, mawazo yako hutawanyika kila upigapo magoti. Katika Mathayo 14, Petro, akitembea juu ya maji kumwendea Yesu, alipouona upepo alianza kuzama, na sala yake ikawa fupi mno, "Bwana, niokoe". Yesu akamshika mara moja, ingawa upepo ulikoma baadaye, walipokwisha kupanda chomboni. Kwa hiyo usingoje mambo yatulie ndipo uombe, wala usione haya kwa sala fupi. Tenga wakati wa alfajiri, simu ikiwa imezimwa, usome Zaburi moja kwa sauti, kisha Jumapili hii utafute kanisa la karibu lenye kikundi cha maombi, maana naamini upweke wa ugenini unakulemea kuliko hata ukosefu wa kazi.