Kwa nini vipande vidogo vya DNA hutangulia kwenye jeli

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini, umeme unapovuta vipande vya DNA ndani ya jeli, vifupi hufika mbali ilhali vyote vina chaji hasi, na kwa nini mistari yako ya DNA kwenye jeli imetoka imefifia na kutawanyika.

Chaji peke yake haitenganishi chochote. Kila nyukleotidi, yaani kiungo kimoja cha mnyororo wa DNA, hubeba fosfati yenye chaji hasi, hivyo kipande kirefu huvutwa kwa nguvu zaidi, ila pia hupata ukinzani zaidi. Uwiano wa mvuto na ukinzani unabaki uleule. Kazi yote hufanywa na matundu ya agarosi, dutu inayotengenezea jeli hiyo. Kipande kifupi hupenya upesi kama mtoto kwenye msongamano wa sokoni, kirefu hujikunjakunja na kukawia.

Kuhusu mistari, anza na volti. Volti 5 kwa kila sentimita kati ya elektrodi, yaani ncha mbili za umeme, zinatosha. Ukizidisha, jeli hupata joto na mistari hupanuka. Vipande vyako ni vya jozi za besi (kipimo cha urefu wa DNA) 200 hadi 500, basi tumia agarosi ya asilimia 2, si 1. Usijaze kisima, yaani kitundu cha kuwekea DNA kwenye jeli, kupita kiasi. Na tafadhali, hakikisha visima viko upande wa elektrodi hasi kabla ya kuwasha umeme!