Maswali ya Wasomaji: Kamanda wa Kijerumani aliyerudi Dar es Salaam

SWALI: Mjomba anasema kamanda wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza alirudi Dar es Salaam akapokewa kwa nyimbo. Huku Ugogo wazee wakiitaja vita ile wanataja njaa ya Mtunya. Nani yuko sahihi? Pia tuna cheti cha babu cha Kijerumani, kimekunjwa mara nne. Tukilamineti?
— Msomaji, Bahi

JIBU: Wote wako sahihi. Paul von Lettow-Vorbeck alifika mwaka 1953, umri umeshapita miaka 80, na askari wake wa zamani walimpokea kwa wimbo wa safari wa enzi zile. Kwao alikuwa mkuu wa kikosi kilichosalimisha silaha Abercorn (sasa Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Kwa hilo Berlin nayo ilimpokea kishujaa mwaka 1919.

Kanda ya Kati hesabu ni nyingine. Mei 1916 alishambulia Kondoa Irangi akashindwa, na mwisho wa Julai Dodoma ikawa mikononi mwa majeshi ya Uingereza. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua ilipokosekana, ghala lilikuwa tupu na vijana wa kulima hawapo. Ndiyo Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Waliomwimbia Dar walikuwa askari, si wapagazi wala wakulima waliokombewa mtama.

Cheti msikilamineti. Joto huyeyusha gundi ya plastiki ikazama kwenye nyuzi za karatasi, na haitoki tena. Selotepu huacha madoa ya njano, pini hushika kutu. Msikilainishe kwa maji pia: maandishi ya zambarau ya penseli za ofisi za zamani huchuruzika. Kifungueni kwa mikono mikavu; mkunjo ukikataa, uacheni, kwa maana kiangazi cha Dodoma hukausha karatasi ikakatika hapohapo. Pigeni picha pande zote mbili kivulini karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Kisha kilazeni kati ya karatasi mbili nyeupe ndani ya jalada gumu, mbali na sakafu (mchwa!) na mbali na joto la bati.

Kwenye maandishi tafuteni kwanza namba ya kikosi, F.K. ni Feldkompagnie, yaani kombania ya jeshi la Wajerumani. Jina lisiwapoteze, Juma huweza kuandikwa Djuma. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, wana majalada ya Kijerumani kwenye kundi G; ulizeni kwa kikosi na wilaya, maana kwa jina peke yake mtazunguka sana.

Kuhusu fedha: mwaka 1964, mwaka aliofariki kamanda huyo, Ujerumani Magharibi iliidhinisha malipo kwa askari waliokuwa bado hai. Hayakuwa ya wajukuu. Anayewaahidi fidia kwa cheti hicho mkilipa kwanza "ada ya usajili" ni tapeli.