Paswadi kwenye daftari la madeni

Swali: Nina duka la leso Kibokoni, paswadi zangu zote naziandika daftari la madeni na nyingi ni ileile moja tu, juzi kijana kalimwagia chai nusu haisomeki. Nifanyeje?
Mama Leso, Mombasa

Jibu: Pole dadangu! Mie daftari silichukii sana, mwizi wa mtandaoni hawezi kulifungua, balaa ni hiyo paswadi moja kila mahali maana ikivuja mahali pamoja wezi wanaenda kuijaribu kwa imeli na kwengineko. Weka programu ya kutunza paswadi, Bitwarden ni ya bure yaingia simu na kompyuta, au KeePassXC ambayo faili lake la paswadi lakaa kwa mashine yako mwenyewe kwa hivyo weka kopi kwa flashi, laptopu ikifa usije ukalia. Utakariri moja tu, ile kuu, unganisha maneno matano yasojuana, mfano kama ngalawa-birika-jumanne-pilipili-soksi (si hiyo, ishasomwa na watu!). Ukiisahau hiyo hata wenye programu hawana ya kukurudishia, iandike karatasi ifungie sandukuni. Na programu yenyewe usiifungue saiba kafe hata ukiwa na haraka vipi.